Google Calendar na wiki ya mwanafunzi wa kompyuta: saa nane yako si saa nane yake

Alama kwanza, maelezo baadaye: 7 kati ya 10. Google Calendar, iliyozinduliwa mwaka 2006, ni ya bure, na kwenye simu nyingi za Android unaikuta imeshawekwa. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta mwenye vipindi, maabara, asaimenti za kodi (maandishi ya programu), mradi wa kundi, na juu ya hayo marafiki, ibada, mpira na vikao vya harusi ya binamu, hapati kwa bei hiyo chombo kinachoipita. Alama tatu zinakatwa kwa sababu haijui saa za Kiswahili, haitumi tena SMS, na kazi zake nzito zinakutaka ukae kwenye kompyuta. Mifano yote hapa ni ya mwanafunzi wa Dar es Salaam, lakini wa Nairobi, Dodoma au Kampala hana cha kubadilisha, maana wote wako saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, na hakuna anayesogeza saa mwaka mzima.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaharibu wiki ya kwanza kisha wanailaumu programu.

Ratiba ya chuo inaandika 1400. CR (kiongozi wa darasa) anaandika kwenye kundi la WhatsApp "kipindi saa nane". Rafiki anasema "tuonane saa kumi". Mdomoni vyote vinaeleweka bila swali. Kwenye kalenda, ukigusa kisanduku cha muda ukaweka 8, umeweka saa mbili. Ukiweka 10, umeweka saa nne. Kosa hili halipigi kelele: tukio lipo, rangi ipo, arifa italia kama ilivyoagizwa, ila italia kwa tofauti ya saa sita, wakati uko katikati ya mhadhara mwingine. Unaizima ukidhani programu imechanganyikiwa.

Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuwasha mfumo wa saa 24. Namba kama 16:00 haifanani na saa yoyote ya mdomoni, hivyo inakulazimisha kufikiri kabla ya kuhifadhi. Kuibadili ni rahisi: kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa 6, kuanzia 19:00 hadi usiku wa manane toa 18, kuanzia 00:00 hadi 06:00 ongeza 6. Basi 16:00 ni saa kumi, 20:00 ni saa mbili usiku, na 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kisha andika saa ya Kiswahili ndani ya jina la tukio lenyewe: "Kikao cha mradi, saa kumi jioni". Kisanduku kikisoma 10:00 na jina likisema saa kumi jioni, utaona kasoro hata ukipitisha macho tu.

Kuna mtego mwingine wa saa unaokula alama za watu kila muhula, nao hauanzii Google. Moodle, mfumo ambao vyuo vingi hupokelea kazi, humletea mhadhiri tarehe ya mwisho ikiwa na 00:00 iliyojazwa tayari. Asipoigusa, kazi ya "Ijumaa 00:00" muda wake unaisha usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa sita kamili. Darasa linasoma neno "Ijumaa", linapanga kumalizia Ijumaa mchana, na asubuhi yake linakuta kazi imehesabiwa kuchelewa, au imefungwa kabisa kama mhadhiri aliweka na tarehe ya kufunga. Ukiona 00:00 usiiingize hivyo hivyo. Iandike Alhamisi 21:00, uwe na saa tatu za akiba kwa ajili ya umeme, intaneti, na faili la zip linalokataa kupanda.

Jambo dogo la mipangilio lenye faida kubwa: siku ya kuanza wiki. Chaguo ni tatu, Jumamosi, Jumapili au Jumatatu. Wengi wanachagua Jumatatu. Tunashauri Jumamosi, na si kwa sababu tu jina lake lenyewe ni la kwanza katika hesabu ya Kiswahili. Wiki ikianza Jumamosi, siku mbili za mapumziko zinakaa kushoto kabisa mwa kioo na ndizo unazozijaza kwanza. Ikianza Jumatatu, Jumamosi na Jumapili zinageuka kapu la mabaki ya kazi zote zilizokushinda katikati ya wiki.

Kuingiza ratiba

Ratiba ya chuo huja kama PDF au picha ya ubao wa matangazo. Ukiwa na vipindi kumi hadi kumi na vitano kwa wiki, viingize kwa mkono, kila kimoja kikijirudia kila wiki. Ni kazi ya nusu saa. Mwanafunzi wa kompyuta atatamani kuandika skripti, yaani programu fupi, ya Python. Atatumia saa tatu kuokoa nusu saa. Skripti ina maana pale tu ambapo faili moja litagawiwa kwa darasa zima, na hapo CR mwenye akili anajipatia heshima ya muhula mzima.

Faili linaweza kuwa CSV (jedwali la maandishi) au ICS (muundo wa faili za kalenda), na lisizidi megabaiti 1. CSV inaonekana rahisi, lakini ina vikwazo viwili. Vichwa vya safu lazima viwe vya Kiingereza hata kama kalenda yako ni ya Kiswahili (Subject, Start Date, Start Time na kadhalika), na tarehe ziandikwe mwezi kwanza, kama Wamarekani. Ukiandika 03/04 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, kipindi kinaangukia tarehe 4 Machi, na tarehe zenye siku zaidi ya 12 ndizo pekee zitakazokushtua. Kubwa zaidi, CSV haina namna ya kusema "kila wiki". Vipindi kumi na viwili kwa wiki kumi na tano ni mistari 180.

ICS ndiyo njia sahihi. Kwa kipindi cha maabara cha kila Jumatatu saa nane hadi saa kumi, kuanzia tarehe 9 Novemba 2026, mistari inayobeba uzito ni hii:

DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20261109T140000
DTEND;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20261109T160000
RRULE:FREQ=WEEKLY;COUNT=15

Wengi huweka UNTIL (mwisho kwa tarehe) badala ya COUNT (idadi ya vipindi), kisha wanashangaa kipindi cha mwisho kimepotea. Sababu ni kwamba tukio likiwa na ukanda wa saa, UNTIL huandikwa kwa UTC. Jumatatu ya kumi na tano ni tarehe 15 Februari 2027. Ukiandika UNTIL=20270215T000000Z, kwetu hiyo ni saa tisa alfajiri ya siku hiyo, na kipindi cha saa nane mchana kinabaki nje. COUNT haina mzozo huo, ila nayo inahesabu tu, haijui likizo. Chuo kikifunga wiki mbili za Krismasi, weka COUNT=17 kisha ufute vipindi viwili vya katikati, au tumia EXDATE (siku za kurukwa), ukikumbuka kwamba lazima ifanane na DTSTART kwa saa na kwa ukanda. Tarehe peke yake haitoshi.

Usisahau UID (kitambulisho) tofauti kwa kila tukio. Na usiingize faili lolote kwenye kalenda yako kuu. Fungua kwanza kalenda mpya, uiite "Vipindi", na uelekeze faili huko. Uingizaji hauna kitufe cha kurudisha nyuma. Ukikosea kwenye kalenda kuu utafuta kimoja kimoja, ukikosea kwenye kalenda ya pembeni unaifuta yote kwa mara moja. Kuingiza faili kunafanyika kwenye kivinjari cha kompyuta, si ndani ya programu ya simu, na hapo ndipo mwenye simu tu anaanza kutegemea kompyuta ya mwenzake.

Asaimenti

Kama chuo kinatumia Moodle, ndani ya kalenda yake kuna sehemu ya kutoa kiungo. Chagua matukio ya kozi zote, chagua kipindi kirefu (si "wiki hii", kosa la kawaida sana), nakili kiungo, kisha kwenye Google Calendar ongeza kalenda kwa URL. Tarehe za mwisho zote zinajipanga zenyewe. Kiungo hicho kina funguo yako ndani, hivyo usikitupe kwenye kundi la darasa.

Kasoro yake ni uvivu wa kusasisha. Google yenyewe inasema mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 12 kuonekana. Mhadhiri akisogeza tarehe jioni, kalenda inaweza kukuonyesha ya zamani mpaka kesho yake. Na matukio yaliyotoka kwenye kiungo hayahaririki. Kwa hiyo kalenda ya Moodle itumie kama kengele ya mbali tu, na kazi halisi iandike mwenyewe.

Na uandishi wenyewe ndio unaoamua kama kalenda itasaidia. Wengi huandika tarehe ya mwisho peke yake: "Asaimenti ya mifumo endeshi, Alhamisi". Hiyo ni sawa na kuandika siku ya mtihani bila siku ya kusoma. Kazi ya kodi ya saa sita igawe vipande vitatu vya saa mbili kwa siku tatu tofauti, na kipande cha kwanza kiangukie ndani ya saa 24 tangu kazi ilipotolewa. Katika kipande hicho usijaribu kutatua swali. Soma maelekezo, angalia toleo la JDK (vifaa vya lugha ya Java) au la Python linalotakiwa, pakua maktaba zote za kodi, na uhakikishe programu tupu inakompaili.

Kinachoangusha watu si algorithimu. Ni Gradle, chombo kinachojenga programu za Android. Mradi mpya wa Android Studio unapojengwa mara ya kwanza hupakua mamia ya megabaiti, na pamoja na kiigizi cha simu unaingia kwenye gigabaiti. Ukilifanya hilo Jumatatu kwa Wi-Fi ya chuo ni muda wa chai. Ukilifanya Jumatano usiku kwa bando, bando linakatika kwenye asilimia 80, na asubuhi unamwambia mhadhiri "kodi ilikuwa tayari" wakati hata haijawahi kuendeshwa. Ndiyo maana kipande cha kwanza kwenye kalenda kiwe na mahali: andika "maktaba" au "maabara" kwenye sehemu ya eneo, kusudi ujue kinategemea mtandao wa pale. Vipande viwili vinavyobaki vinaweza kukaa hosteli.

Kipande cha mwisho kimalizike saa 24 kabla ya tarehe ya mwisho. Hitilafu ya segmentesheni, programu inapogusa kumbukumbu isiyo yake ikaanguka, haijali kwamba umepanga saa mbili. Inaweza kula dakika kumi au usiku mzima. Siku moja ya akiba inakuruhusu kulala na kurudi na macho mapya, au kwenda ofisi ya mhadhiri msaidizi kabla haijafungwa.

Ukivuta kipande kwenda siku nyingine, programu itakuuliza: tukio hili tu, hili na yanayofuata, au yote? Soma swali. Watu wanasogeza maabara ya wiki ya testi, wanagusa "yote", na muhula mzima unahamia Jumatano.

Maisha mengine

Hapa ndipo tunapotofautiana na washauri wengi wanaoambia wanafunzi waweke masomo kwenye kalenda na maisha yapate kinachobaki. Wiki ya mwanafunzi wa kompyuta haibakizi kitu. Kodi hujaza nafasi yoyote iliyo wazi, kama maji. Nafasi nyeupe ya Jumamosi jioni haisomeki "pumziko"; inasomeka "naweza kumalizia ile bagi (hitilafu ya kodi)". Kwa hiyo mambo ya watu yaandikwe kwa uzito ule ule wa kipindi, na yaandikwe kwanza.

Swala ya Ijumaa iwekwe ijirudie, 12:15 hadi 13:30, ikiwa na muda wa kutembea ndani yake. Ibada ya Jumapili au mazoezi ya kwaya vivyo hivyo. Simu ya nyumbani Jumapili 20:00, saa mbili usiku, dakika 30. Hii ni ndogo lakini ndiyo ya kwanza kusahaulika wiki ya testi, na mama hataki maelezo kuhusu testi. Kikao cha harusi ni hadithi nyingine. Kadi inasema saa kumi, watu wanafika saa kumi na moja na nusu, michango inasomwa mpaka saa moja. Kitengee muda wa saa nne na usipange kipande cha kodi baada yake.

Mpira wa nyumbani usiuwekee tarehe ukaiamini. Dabi ya Simba na Yanga iliyopangwa tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ile ile na ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Aliyekuwa amehamisha kazi zake zote kwa ajili ya Machi 8 alihamisha bure. Weka mechi kama tukio la "huenda", bila kuhesabiwa kuwa una shughuli, na kando yake kipande cha kodi kinachoweza kusogezwa.

Mashindano ya kuandika kodi, kinyume chake, yanatabirika vizuri, na kwa sisi wa Afrika Mashariki saa zake ni za kupendeza. Raundi nyingi za Codeforces zinaanza 17:35 kwa saa za Moscow, ambayo ndiyo saa yetu hiyo hiyo: saa kumi na moja na dakika 35 jioni. Shindano la wanaoanza la AtCoder huwa Jumamosi saa tatu usiku za Japani, kwetu 15:00, yaani saa tisa alasiri, nalo huchukua dakika 100. La kila wiki la LeetCode ni Jumapili 05:30 alfajiri, na hilo ni la wachache wenye imani. Jumamosi ya AtCoder unamaliza kabla ya saa kumi na moja, jioni yote bado ni yako. Ukichukua na Codeforces jioni hiyo hiyo, hiyo si tena burudani, ihesabu kama kazi.

Kwa mafunzo ya mtandaoni yanayotoka Marekani, weka tukio kwa ukanda wa saa wa kule, si wa hapa. Wao husogeza saa mwezi Machi na Novemba, sisi hatusogezi. Kikao cha kila wiki cha 18:00 kwetu kinageuka 19:00 baada ya Novemba bila mtu kukutangazia. Ukanda unachaguliwa ndani ya tukio, pembeni ya muda, na kalenda inakokotoa yenyewe.

Misiba haipangwi. Acha nusu siku moja kwa wiki isiyo na kitu chochote; tunapendelea Jumatano mchana kwa sababu iko katikati na inaweza kupokea mzigo wa pande zote mbili. Ikipita bila dharura, lala. Na wiki ya bumu isomwe kama wiki ya mtihani: fedha za mkopo zikiingia, mialiko inaongezeka mara tatu, kila mtu ana sababu ya kutoka. Usipange kipande cha kodi usiku wa siku mbili za kwanza, hakitafanyika, na kitu kisichofanyika mara mbili kwenye kalenda kinakufundisha kuidharau kalenda nzima.

Zamani kulikuwa na kipengele cha malengo, kilichokutafutia nafasi za mazoezi au kusoma chenyewe. Google ilikiondoa mwaka 2022. Vikumbusho navyo viliunganishwa na orodha ya majukumu mwaka uliofuata. Orodha hiyo inafaa kwa vitu vidogo kama kulipia kitambulisho au kurudisha kitabu, lakini ni ya kwako peke yako, haionekani na wenzako hata mkishiriki kalenda.

Arifa zinazokufa

Malalamiko makubwa ya watumiaji wa simu za bei nafuu ni kwamba arifa haziji. Mara nyingi mkosaji ni simu inayozima programu za nyuma ili kulinda betri. Ingia kwenye mipangilio ya simu, programu, Calendar, betri, uiondolee kizuizi. Kuanzia Android 13 hakikisha pia imepewa ruhusa ya arifa, kwa sababu ukikataa mara moja siku ya kwanza, inanyamaza kabisa.

Tukio moja linaweza kubeba arifa hadi tano. Kwa asaimenti tatu zinatosha: siku tano, siku mbili, na saa tatu kabla. Kwa kipindi cha saa moja asubuhi, arifa ya dakika 30 haina maana kama unatoka Mbezi na kupita Mwenge kwa daladala. Weka dakika 100, na kengele ya kuamka iwe kengele ya kweli ya simu. Arifa ya kalenda inalia mara moja kisha inakaa kimya juu ya kioo kati ya ujumbe wa WhatsApp mia mbili.

SMS ndiyo ingekuwa jibu. Google Calendar iliwahi kutuma arifa kwa SMS, ikaacha mwaka 2015 kwa akaunti za kawaida, kwa hoja kwamba simu za kisasa zina intaneti. Hoja hiyo haikumfikiria mtu ambaye bando lake linaisha tarehe 20. Afueni ni kwamba yaliyokwisha kusawazishwa yanabaki kwenye simu na arifa zake zinalia hata bila data. Usichopata ni mabadiliko mapya. Washa data dakika mbili kila asubuhi, ufungue kalenda, uisasishe, basi.

Mradi wa kundi

Watu watano, kazi moja, wiki sita. Fungua kalenda ya kundi kwenye kivinjari na uwape wote haki ya kubadili matukio. Kalenda yako binafsi waonyeshe kama una nafasi au huna tu, bila majina ya matukio. Hawahitaji kujua kwamba Alhamisi jioni ni chakula na mtu fulani. Wote wakifanya hivyo, sehemu ya kutafuta muda ndani ya tukio inawapanga watano kwa safu na unaona pengo linalowafaa bila kuuliza "mko huru lini?" kwenye kundi na kupata majibu manne tofauti na alama moja ya kidole gumba.

Kwa uzoefu wa makundi mengi, wawili kati ya watano hawataifungua kamwe. Usipigane nao. Mmoja achukue jukumu la kunakili kikao kwenye WhatsApp kwa saa zote mbili: "Jumamosi 15:00, saa tisa alasiri, chumba cha maabara ya pili". Ujumbe wenye saa moja tu ndio unaozaa mtu anayefika saa tatu usiku au asiyefika.

Kitu ambacho akaunti ya kawaida haikupi ni jumla. Huwezi kuiuliza "wiki hii nimeweka saa ngapi za kodi, saa ngapi za watu?" Mwanafunzi wa kompyuta ana njia: pakua kalenda zako kama faili la zip kupitia mipangilio, zisome kwa Python, ujumlishe muda kwa jina la kalenda. Tahadhari, tukio linalojirudia limeandikwa mara moja tu ndani ya faili, likiwa na RRULE, ile kanuni ya kujirudia. Ukijumlisha DTEND toa DTSTART bila kuipanua kanuni hiyo, maabara ya wiki kumi na tano itahesabiwa saa mbili badala ya thelathini, na utajiona mvivu kuliko ulivyo. Moduli ya rrule ndani ya maktaba ya dateutil inafanya upanuzi huo kwa mistari michache.

Daftari la kaunta buku linafanya nini kati ya haya? Linashinda kwa betri na kwa bei ya bando. Linashindwa siku mhadhiri anapohamisha kipindi cha kila wiki kutoka Jumanne kwenda Ijumaa. Anayechukua kozi nne bila mradi wa kundi anaweza kubaki nalo bila kujuta.

UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikiisha, usifute kalenda ya "Vipindi" na ile ya vipande vya kodi. Ondoa alama ya tiki tu zisionekane. Ukipata sapu (mtihani wa marudio) mwezi wa tisa, pale ndipo imeandikwa ni kozi ipi uliyoipangia saa sita ikakuchukua kumi na nne.